Ununue gari la pili la mizunguko ili ulitunze lile la moyoni? Mwongozo kamili kwa wakazi wa Mwanza

Mwanza kuna watu wengi wenye gari ambalo kwao ni zaidi ya usafiri. Kuna Land Rover 109 iliyoachwa na mzee, kuna Land Cruiser mkonga iliyosomesha watoto, kuna Peugeot 504 inayolala kwenye banda pale Isamilo, na kuna Mark II GX100 ambayo mwenyewe aliitoa bandarini ikiwa safi na mpaka leo haijarudiwa rangi. Wenye magari haya hufika mahali wakajiuliza: niendelee kulikamua kila siku, au ninunue gari dogo kama Toyota IST kwa mizunguko ya kila siku ili hili lipumzike?

Jibu langu ni hili. Gari la pili hulilinda la kwanza endapo tu la kwanza litaendelea kutembea. Ukinunua la mizunguko halafu la moyoni ukalifunika turubai na kulisahau, baada ya miaka 2 utakuwa na gari moja lililochakaa kwa kazi na jingine lililooza kwa kukaa. Hatua zinazofuata zitakusaidia kuamua kama ununue, na ukishanunua, ufanyeje ili pesa yako isipotee.

Hatua ya 1: Jua ni nini hasa kinachomaliza gari lako

Usianze na bei. Anza na safari zako za wiki nzima, ziandike kwenye karatasi: unatoka wapi, unakwenda wapi, kilomita ngapi, njia ikoje.

Mtu anayetoka Buhongwa kila asubuhi hadi mjini anapita lami karibu safari nzima, na injini yake inapata muda wa kupata moto sawasawa. Kwa gari zima, safari ya namna hiyo haina madhara makubwa. Anayeumia ni yule anayekaa Kirumba na kufanya kazi Posta. Anawasha, anaendesha dakika chache, anazima. Mchana anakwenda benki, anazima. Jioni anapitia sokoni, anazima. Kila injini inapowaka ikiwa baridi, moshi wake hubeba mvuke wa maji, na sehemu ya mvuke huo huingia kwenye oili. Injini ikipata moto wa kutosha, maji yale hukauka. Isipopata, yanabaki humo humo. Fungua kifuniko cha kumiminia oili cha gari linalotembea hivyo, kigeuze uangalie upande wa ndani. Mara nyingi utakuta utando wa rangi ya maziwa umeganda pembeni. Kidole kikipita, kinatoka na ute. (Ukiuona, angalia pia kama maji ya rejeta yanapungua. Yakipungua, tatizo linaweza kuwa gasketi ya silinda hedi, na hilo ni jambo zito zaidi.)

Pili, tazama njia. Mwanza ni mji wa mawe na vilima. Mtu wa Bugarika, Igogo au Mabatini anaijua ile njia ya juu ambayo baada ya mvua ya Aprili inabaki mifereji na mawe yaliyochomoza. Huko ndiko bushi, bojointi na shokapu zinakofia, na breki zinakochoka wakati wa kushuka. Injini inaweza kuwa nzima kabisa huku miguu imekwisha.

Tatu ni michubuko. Foleni ya Buzuruga na Igoma, bodaboda zinazopenya, bajaji inayogeuza ghafla. Gari lenye rangi ya kiwandani, mkwaruzo mmoja tu unatosha kulivunjia historia yake.

Nne ni kutu, na hapa kuna jambo ambalo watu hulichanganya. Ziwa Victoria ni maji baridi, hayana chumvi, kwa hiyo gari la Mwanza haliliwi na upepo wa ziwani kama linavyoliwa gari la Tanga au Zanzibar. Kutu yetu hutokana na unyevu unaojificha: matope yaliyoganda kwenye bati la juu ya matairi ya nyuma, zulia lililolowa likaachwa, majani yaliyoziba mfereji wa maji chini ya kioo cha mbele. Halafu kuna chumvi tunayoibeba wenyewe. Ukipakia kayabo (samaki wa chumvi) kwenye buti mara kwa mara, maji yake ya chumvi hushuka hadi kwenye bati la tairi la akiba na kulila kimyakimya. Hata dagaa wakavu huacha harufu isiyotoka kwenye kitambaa cha viti. Kama biashara yako iko kwenye soko la samaki la Mwaloni, hiyo peke yake ni sababu nzuri ya kuwa na gari la pili.

Na jua. Tuko nyuzi 2 na nusu hivi kusini mwa ikweta, juu ya mwinuko wa zaidi ya mita 1,100. Dashibodi inapasuka, raba za milango zinakauka, na rangi ya boneti inapauka. Gari la pili haliwezi kuzuia hilo. Kinachozuia ni paa, na paa ni nafuu kuliko gari.

Hatua ya 2: Pima upatikanaji wa spea

Hapa ndipo magari yanapoachana. Mark II ya GX100 iliundwa kati ya 1996 na 2000, na injini yake ya 1G ilifungwa kwenye Toyota nyingi. Spea zake bado zinapatikana, mpya na za used, na mafundi wanaoifahamu wapo kila mtaa. Gari la namna hiyo unaweza kulitumia kila siku na kulitengeneza linapoharibika. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ nayo ni hivyo hivyo, kwa kuwa mashirika, migodi na hifadhi zinazitumia bado.

Lakini saluni ya Peugeot 504 iliacha kuundwa Ufaransa mwaka 1983, na Land Rover Series III ilikoma 1985. Hizi zilikuwa gari za kazi kweli kweli. 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Leo kupata taa ya nyuma isiyopasuka au kioo cha mbele cha 504 ni kazi ya kutafuta kwa miezi. Kwa gari kama hili, ajali ndogo ya foleni inaweza kulilaza mwaka mzima.

Andika orodha ya spea 10 ambazo ukizikosa gari halitembei au linaharibika sura: kioo cha mbele, taa, rejeta, pampu ya maji, silinda kuu ya breki na kadhalika. Piga simu kwa wauza spea wa Mwanza na wa Dar. Kama 7 au zaidi zinapatikana ndani ya wiki 2, gari lako bado linaweza kufanya kazi ya kila siku. Kama nyingi hazipatikani, gari la pili lina hoja nzito, na hata kabla ya kulinunua, nunua hizo spea unapoziona.

Hatua ya 3: Fanya hesabu bila kujidanganya

Wengi hujishawishi kwamba gari dogo litajilipa kwa mafuta. Tuhesabu pamoja. Chukulia unatembea kilomita 24 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni kama kilomita 7,500 kwa mwaka. Gari kubwa la petroli linalokwenda kilomita 8 kwa lita kwenye foleni litakunywa kama lita 940. IST ya cc 1300 inayokwenda kilomita 13 kwa lita itakunywa kama lita 580. Tofauti ni lita 360. Lita ikiwa shilingi 3,000, umeokoa shilingi 1,080,000 kwa mwaka. (Weka bei ya mwezi huu ya EWURA kwa Mwanza, maana yetu huwa juu ya ile ya Dar.)

Sasa toa gharama za hilo gari la pili. Bima ndogo ya gari binafsi ni kama 118,000 pamoja na VAT. Servisi, matairi na matengenezo madogo, weka 600,000 kwa mwaka, na kwa gari lililokwishatumika hapo sijazidisha. Inabaki akiba ya kama 360,000. Kama gari ulilinunua milioni 10, akiba hiyo haitarudisha pesa yako katika maisha ya gari lenyewe.

Ila pia si milioni 10 zote zinazopotea. Ukilitunza na kuliuza baada ya miaka 4 kwa milioni 7, umepoteza 750,000 kwa mwaka. Ondoa akiba ya 360,000, unabaki na kama 390,000. Hiyo ndiyo bei halisi ya kulipumzisha gari la moyoni katika mfano huu: karibu laki 4 kila mwaka. Fanya hesabu yako kwa takwimu zako, halafu jiulize kama laki 4 hizo, zikiingia kwenye bushi, breki na rangi ya gari ulilonalo, zisingelitunza vizuri zaidi. Kwa mwenye GX100 anayepita lami, mara nyingi jibu ni kwamba zingelitunza. Kwa mwenye 504, hapana.

Nafuu moja tunayo: ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta. Gari lisilotembea sana halidaiwi ada hiyo kwa kukaa tu.

Na usikope kununua gari la mizunguko. Nasema hivi kwa uzito wote, kwa sababu nimeona mwisho wake. Rejesho likibana, gari linalowekwa sokoni ni lile la moyoni, kwa kuwa ndilo lenye wateja. Unabaki na deni, na IST, na picha za gari la mzee wako kwenye simu.

Hatua ya 4: Maegesho na funguo

Una paa moja au mawili? Kama ni moja, gari la moyoni ndilo linalokaa chini yake, na la mizunguko linalala nje. Kama unapanga nyumba na nafasi ya getini ni ya gari moja, kulaza jingine barabarani au kwa jirani ni kutafuta kesi. Usinunue kwanza.

Kisha kaa na familia. Gari la pili likifika nyumbani, kila mtu ana mpango nalo: mama ana safari zake za sokoni, kijana amepata leseni juzi, shemeji ana harusi Sengerema. Hilo ni jambo jema, ndiyo kazi ya gari la mizunguko. Ila kubalianeni mapema nani anashika funguo za lile jingine. Maombi ya harusi na misiba yatakuja, na kumkatalia ndugu mbele ya watu ni vigumu. Ni rahisi zaidi nyumba nzima ikiwa na kauli moja: gari lile anaendesha mwenyewe, na siku ya harusi atakuja nalo yeye.

Hatua ya 5: Jaribu kwanza bila kununua

Kwa mwezi mmoja, acha gari la moyoni nyumbani siku za kazi. Panda daladala, na pale pasipo na daladala chukua bajaji au bodaboda. Andika kila senti. Kwa mtu anayekaa karibu na mji, jumla ya mwezi inaweza kumshangaza kwa udogo wake. Jaribio hili lina faida nyingine pia, kwani litakuonyesha kama kweli utalitembeza gari la moyoni wikiendi au litabaki kukutazama. Kama mwezi mzima umepita bila kuliwasha, usinunue la pili.

Hatua ya 6: Chagua gari usilolipenda kupita kiasi

Kosa la hatua hii ni kununua gari zuri. Ukinunua Crown au Mark X ya mizunguko, utaanza kulionea huruma nalo, na kesho utatafuta la tatu. Tafuta gari la kawaida kabisa, ambalo likikwaruzwa na bajaji utasikitika dakika 5 tu na safari itaendelea.

Kwa njia za lami, IST, Vitz, Raum au Passo zinatosha. Passo ya cc 1000 inabana mafuta, ila ikiwa na watu 4 kwenye mlima wa Bugando utaisikia inavyolalamika. Kwa wa njia za mawe, angalia uwazi wa chini kabla ya jambo lolote: Probox imekaa kikazi, inabeba mizigo, na bushi zake ni bei ndogo. Kama unakaa juu kabisa ambako mvua ikinyesha hata bodaboda hushuka na kusukuma, fikiria RAV4 ya zamani, na ukubali mafuta.

Kuagiza Japani au kununua lililopo nchini? Kwa gari la mizunguko napendelea lililopo, lenye namba ya usajili ya herufi C au D, lenye mmiliki anayefahamika. Ukiagiza lenye zaidi ya miaka 10 unatozwa ushuru wa ziada wa asilimia 30 kwa uzee wake, na mizunguko haihitaji gharama hiyo. Tena, baadhi ya magari ya Japani yametoka mikoa ya theluji, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi. Rangi inang'aa huku chini kumekwisha.

Hatua ya 7: Kagua gari na karatasi

Nenda asubuhi, na mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa injini kwa tahadhari. Kama ina moto, amekuficha kitu, rudi siku nyingine. Liwashe baridi, mtu asimame nyuma aangalie moshi. Wa bluu ni oili inaungua. Mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto ni maji.

Inua zulia la miguuni kwa dereva na la abiria. Bonyeza kwa kiganja. Kama pana unyevu, nusa. Harufu ya kuoza ina maana maji yameingia siku nyingi. Toa tairi la akiba, angalia bati lake. Kisha lipeleke kwa fundi wako, si fundi wa dalali, alitazame kutoka chini kwenye shimo.

Lijaribu mlimani. Panda nalo Bugando au Isamilo taratibu, simama katikati, ondoka tena. Gia boksi yenye ugonjwa hujionyesha hapo: inachelewa kushika, au inapiga teke. Ukishuka, sikiliza breki na stelingi.

Karatasi nazo zinataka utulivu. Linganisha namba ya chasisi iliyopigwa kwenye bati na ile ya kadi, herufi kwa herufi. Angalia deni la faini kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TMS wa polisi. Kosa moja ni 30,000, na gari lililokuwa mikononi mwa dereva mkorofi linaweza kudaiwa mengi. Hakiki bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Hakikisha jina kwenye kadi ni la anayekuuzia, na kama siyo, mwenye jina aje mwenyewe. Andikeni mkataba wa mauziano kwa wakili, lipa kwa benki, na uhamishe umiliki TRA mara moja. Gari likibaki kwa jina la mtu mwingine, akifariki au akidaiwa, utajikuta kwenye mgogoro usio wako.

Hatua ya 8: Tunza lile la moyoni kwa kulitembeza

Sasa tumefika kwenye kiini cha jambo lote.

Litoe angalau mara moja kila wiki 2, na safari iwe ndefu: kilomita 30 au zaidi, likiwa limepata moto kamili. Kuliwasha dakika 5 getini na kulizima ni kulidhuru, kwa sababu unatengeneza mvuke wa maji usiokauka na unakula betri bila kuirudishia chaji. Njia tunazo nzuri. Toka Igoma upite Kisesa hadi Magu na kurudi. Au shika njia ya Usagara hadi Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025. Kilomita 3 juu ya maji, mahali ambapo zamani tulisubiri kivuko, na upande wa pili unaweza kugeuzia Sengerema. Washa AC dakika 10 hata kama kuna baridi, ili sili zake zisikauke. Zile asubuhi ambazo wadudu wa ziwani wameruka kwa mawingu, ukirudi osha mbele na uso wa rejeta siku hiyo hiyo.

Oili mwaga kila baada ya miezi 12 hata kama kilomita hazijafika. Maji ya breki hunyonya unyevu, yabadilishe kila miaka 2. Tanki la chuma liache karibu na kujaa, maana nafasi tupu ndiyo inayotoa jasho na kutu, lakini petroli isikae zaidi ya miezi 3 bila kutumika. Betri ipime kwa mita: volti 12.6 imejaa, 12.4 ina kama robo tatu, na ikishuka chini ya 12.2 ichaji siku hiyo. Matairi soma tarakimu 4 ubavuni. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Yakipita miaka 6 yakaguliwe kila mwaka, na miaka 10 yatoke hata kama kashata bado zipo.

Ukiliegesha, usivute hendibreki kwa wiki nzima, hugandisha viatu vya breki. Weka gia na ukinge matairi kwa mawe. Turubai la plastiki usitumie, linafungia jasho ndani. Tumia kitambaa kinachopitisha hewa, juu ya gari kavu na safi. Usiliweke chini ya mwembe, wala pale ambapo korongo na mwewe wanatua, kwa kuwa kinyesi chao hula rangi kwa siku chache za jua. Magunia ya mahindi yakae mbali na banda. Panya wakizoea chakula pale, waya za gari zitafuata.

Wala usilioshee ziwani. Mchanga wa kwenye kitambaa unachora rangi, oili inaingia kwenye maji tunayokunywa, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Ndoo 2 nyumbani zinatosha, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia.

Kila safari na kila servisi iandike kwenye daftari linalokaa ndani ya gari: tarehe, kilomita, kilichofanyika.

Hatua ya 9: Baada ya mwaka, fungua daftari

Hesabu safari. Kama gari la moyoni limetoka mara 20 na zaidi, mpango unafanya kazi, endelea. Kama limetoka mara 5 au 6, gari la mizunguko halijalilinda, limelichukulia nafasi. Hapo uza la mizunguko wakati bado lina bei, chukua sehemu ya pesa hiyo ufunge bushi, breki na matairi mapya kwenye lile la moyoni, na urudi kuliendesha kazini. Na kama huna tena hamu nalo, au mgongo umekataa klachi nzito, mtafute mtu atakayelitembeza na umuuzie yeye, hata akikupa pungufu kidogo ya dalali. Daftari mpe pamoja na funguo.